Kitanda cha Zamda

Mama Solveig, sura yako naijua kwa simu tu,
umevaa kofia ya sufu.
Mwanao hajambo. Yuwalala kitandani kwa Zamda,
chini ya chandarua chenye kiraka cha leso.
Siku ya tatu aliacha kuulizia maji ya moto.
Ya saba akaniwahi jikoni, akafunua sufuria:
"Mahamri yashaumuka!"
Kisauni ikacheka, nyumba hata nyumba.

Wangu je?
Fomu ilimuuliza nchi alizozuru.
Akaandika: Likoni, kwa feri.
Wakataka taarifa ya benki;
nikapeleka daftari la wadeni wangu,
aliyelipa nimempiga mstari mwekundu.
Afisa akalisoma lote, jina kwa jina,
akaniuliza, "Huyu Famau wa gereji, bado?"
Kisha akagonga muhuri.

Jana Zamda kanitumia sauti:
Mama, jua la Bergen halitaki kuchwa,
isha niswali saa ngapi?
Nami sina jibu. Mshushie pazia,
umwache ahesabu mwenyewe.

Na kichwa cha samaki hali, usimlazimishe.
Mimi wako nilimlazimisha.
Sasa twagombania jicho.