Mita Mia na Arobaini

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tuko saba,
ukimhesabu na Wit, ambaye mgongo wake
haumruhusu kuinua kitu kizito kuliko brashi.
Yeye hupaka rangi. Akimaliza behewa la pili
la kwanza limeshababuka, basi huanza tena.
Hasemi amechoka. Husema tu
rangi ya siku hizi haina adabu.

Hapa Kujawy ardhi ni nyeusi, bapa kama sinia.
Reli nyembamba ilibeba viazisukari hadi kiwandani,
kisha kiwanda kikafungwa.
Siku dohani yake ilipoangushwa watu walipiga makofi,
sijui kwa nini.
Nami nilipiga.

Tumebakiwa na mita mia na arobaini za njia,
kibanda cha stesheni, mabehewa mawili,
na garimoshi namba kumi na saba,
ambalo mkaguzi wa boila, kijana mpole wa viatu visafi,
aligonga kwa nyundo ndogo, akatega sikio
kama daktari kwenye kifua cha mtoto,
akaandika: *lisiwashwe.*
Neno moja. Tumelitundika karibu na bei za tiketi.

Ksawery alichukua kopo la grisi,
akaenda kuyapaka magurudumu ya garimoshi lisilokwenda.
Nikamuuliza, ya nini?
Akasema: kwani mgonjwa hanawishwi uso?

Mimi ni mhasibu mstaafu, nashika daftari.
Zilizoingia: keki za Otylia.
Zilizotoka: bolti, bolti, bima, bolti.
Mcheza kwao hutuzwa, wanasema;
sisi twacheza kwetu
na kiingilio tunalipa wenyewe.

Oktoba, mvua nyembamba, akaja mwanamke
anamsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu.
Bibi Halszka, miaka tisini na mmoja.
Thelathini na mmoja kati ya hiyo
alifunga kizuizi pale barabara inapokata reli,
akasimama na bendera, treni ikapita,
akafungua.
Hakuwahi kupanda, hata mara moja.
Angepanda vipi? Nani angefunga kizuizi?

Hakuna aliyetoa amri.
Roch alitoa kabari chini ya magurudumu,
Ksawery akalegeza breki, tukambeba bibi na blanketi lake,
tukamweka dirishani upande usio na upepo.
Kisha sita tukaweka mabega kwenye behewa.

Chuma, kwanza, kilikataa.
Goti langu likalia, au taruma, sikutofautisha.
Halafu ile grisi ya Ksawery, ya miezi na miezi,
aliyoipaka huku na huku bila kuulizwa,
ikakumbuka kazi yake.
Behewa likaenda, polepole, kama ng'ombe anayeelekea zizini.

Mbele nikamwona Wit.
Asiyeweza kusukuma alikuwa ametangulia makutanoni,
ameshusha kizuizi, amesimama wima na mgongo wake ule,
mkononi kitambaa chake cha kufutia rangi, chekundu.
Trekta lilikuja limejaa viazi, mali ya kiwanda cha mbali.
Dereva angeweza kupiga honi. Alizima injini,
akavua kofia, akangoja.

Bibi Halszka alipita makutanoni
akitazama kutoka upande wa pili wa kioo.
Alimkagua Wit, miguu hadi kichwa.
"Kisigino kwa kisigino," alisema.
Wit akabana visigino.

Mwisho wa njia hakushukuru. Alitazama saa yake:
"Mmechelewa dakika nne."
Halafu ikabidi tumrudishe.

Alisisitiza kulipa tiketi, na ya kurudi pia.
Usiku niliandika daftarini: abiria, mmoja.
Umbali, mita mia mbili na themanini.
Safu ya mafuta nikaikodolea macho muda mrefu,
maana mhasibu haachi safu wazi.
Nikajaza: mkate mweusi,
matango ya siki, mtungi mmoja,
watu sita.

Nikafuta. Nikaandika saba.