Chupa ya Damu

Maradhi yenyewe yana jina refu kama anwani,
na Daktari Okell analitamka polepole
akinitazama mimi, si Babu,
maana mimi ndiye mkalimani, miaka kumi na saba,
na leo nimekosa jaribio la kemia.

"Anasemaje?"
Babu, una damu nyingi.
Babu Mcha anacheka. Kwao Kengeja
watu huishiwa damu,
hupewa maini, mchicha, juisi ya choya.
Nani kaumwa kwa kuzidiwa?

Miezi minne kalilaumu bomba la Coventry:
akitoka kuoga maji ya moto mwili wote unamwasha.
Kabadili sabuni mara tatu, kafua mataulo kwa siki.
Kumbe si maji. Damu nzito kuliko maji, tunajua,
ila yake imepitiliza, imekuwa uji.

"Na dawa?"
Watakutoa. Nusu lita, kila wiki mbili.
"Chuku!" Uso unazidi wekundu.
"Miaka yote mnasema Babu anapiga chuku,
leo Waingereza ndio wananipiga mimi."

Chumba namba sita. Muuguzi Parminder anafunga mpira,
anapapasa mshipa.
Mfuko unajaa ukibembea kwenye mizani
kama mtoto anayepimwa kliniki.
Nje theluji ya jana imekuwa tope kwenye maegesho.

"Anapewa nani?"
Najifanya sikusikia. Nimeshaliona pipa la manjano.
"Wewe. Anapewa nani?"
Haifai kupewa mtu, Babu.
Inatupwa.

Halafu, kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
"Usiku aliozaliwa mamako
nilitoka hospitali ya Mkoani kwa miguu hadi Kengeja
nikigonga milango.
Chupa moja tu.
Yangu waliikataa, haikulingana na ya bibi yako.
Nikapata watu wawili, mmoja hata simjui.
Tulifika jua limeshatoka."

Haendelei. Mwisho naujua:
mama hana picha hata moja ya mamake.

Muuguzi anauliza, anasemaje babu yako, yuko sawa?
Namwambia anaomba chai.

Inaletwa, maziwa mengi, na biskuti mbili.
Anakunywa kwa mkono ulio huru,
jicho kwenye mfuko mpaka unapofungwa.
Biskuti moja ananipa.
Ya pili anaifunga kwenye tishu,
anaitia mfukoni mwa koti:
"Ya mamako hii. Usiile."