Huku Lugha ni ya Baba

Kwenye mto wetu, kijana akikuchekea
usimuulize jina. Muulize anaota kwa lugha gani.
Akitaja ile uliyozaliwa nayo
mpe maji anywe, umwite kaka, yaishe.
Wasemao sawa hawaoani.

Ndiyo maana niliolewa mbali, siku tatu kwa kasia.
Nilitoka kwa Watuyuka nikaja kwa Wadesana
na kapu moja, chekeche moja,
na lugha nzima isiyokuwa na kiti hapa.
Mama mkwe alikuwa wa Kitukano,
mke wa shemeji, Feliciana, wa Kibara.
Tulikaa duara tukikuna muhogo,
kila mtu na yake, kila mtu akielewa,
mikono mieupe hadi viwikoni,
mzaha mmoja ukichekwa mara nne.
Mgeni wa misheni akauliza, mkalimani wenu ni yupi?
Tukatazamana.
Wa nini?

Nilipomzaa Ivanilde nilimnyonyesha kwa Kituyuka.
Maziwa hayajui sheria.
Kwa Kituyuka nilimwambia lala, tema, njoo,
na moto ukiwa karibu: sogea, utaungua.
Alipoota meno ya pili, Laureano baba yake
akamkalisha mlangoni, akamnyoosha ulimi
kama anyooshavyo mshale.
Tangu hapo namwita kwa yangu, ananijibu kwa yake.
Sikulia. Hata mimi mama yangu nilimjibu hivyo hivyo.
Nasikia ng'ambo watu husema "lugha ya mama".
Huku ya mama ni nguo ya kuazima:
inakuenea, inakupasha joto,
na siku ya ngoma unaivua.

Sasa mwaka huu akaniletea mtu kutoka mjini,
Edivaldo, fundi wa mashine za boti,
viatu vyeupe kwenye tope letu.
Laureano akauliza la kuuliza.
Kireno, akasema.
Na nyingine?
Kireno.
Laureano akakuna shingo. Ivanilde naye ana Kireno,
kakisoma kwa watawa, hukihesabia pesa.
Je, hawa ni ndugu? Au si watu wa kujuana kabisa?
Mtu wa lugha moja utamweka upande gani wa nyumba?
Chungu juu ya figa moja.
Tukala samaki na pilipili, hakuna aliyesema kitu.
Yeye alitokwa jasho, akamaliza.

Mtoto wa Feliciana alikuwa akitambaa.
Sikumwona alivyolifikia kaango, lile pana la mikate ya muhogo.
Edivaldo alimwona. Akaruka, akamdaka mkono,
na mdomo wake ukatoa, kabla mwenyewe hajajua,
neno moja.
Sogea.

Si Kireno. Si Kidesana.
Langu, na mvumo wake wa puani,
lile lile la jikoni kwa mama.
Kibao cha kukunia kikaniponyoka.
Umelitoa wapi?
Akaona haya. La bibi, akasema, mzaa baba.
Alikufa nina miaka mitano.
Yalikuwa mengi. Limebaki hilo.

Laureano akanitazama. Wote tunajua:
la bibi halihesabiki, ukoo hufuata babu.
Na neno moja litakufikisha wapi?
Halitoshi kuulizia njia,
halitoshi hata kumtukana mtu vizuri.
Lakini huko mjini, chini ya bati,
kuna mwanamke nisiyemjua aliyemsogeza mtoto na moto
kwa sauti yangu.

Nikalihesabu.

Nikamwambia, kwa Kituyuka, kaa.
Hakuelewa. Akamgeukia Ivanilde,
na kwa mara ya kwanza nyumba ile ikataka mkalimani.
Ivanilde akamweleza kwa Kireno.
Akaketi. Kisha akamuuliza, linatamkwaje?

Na binti yangu, ambaye tangu meno ya pili
hajanipa hata salamu kwa lugha yangu,
akafikiri kidogo, akalitamka.