Hujaitwa Bado

Wisie bado anapanda ngazi za Kadutu,
ananiulizia kwa jina la marehemu baba.
Watoto wanamwonyesha njia ndefu, kwa heshima.

Mimi nimekwisha shuka.
Niko mlangoni pa tribinali tangu saa moja,
matope ya Funu kwenye viatu,
daftari kwapani:
dola tano, dola tatu,
juma la mvua, sifuri,
na gumba la Bahizire kila alipopokea.

Karani anainua miwani.
"Mama Nabintu, hujaitwa bado."

Najua.
Deni nalijua, nililizaa mwenyewe.
Ila huko kwake limenenepa
kuliko mtoto niliyemkopea maziwa.

Andika kwamba nimekuja.
Andika na saa.