Kukata

Jina langu halimo kwenye faili.
Wameandika tu: mkalimani, Kikamba kwa Kiswahili.
Miaka kumi na saba hapa Makadara, Chumba cha Tatu,
nasimama kati ya kizimba na meza ya hakimu
kama kamba ya kuanikia:
nguo za watu huning'inia kwangu, yangu sina.

Jumanne ile orodha ilikuwa na majina arobaini na moja.
Kalondu alikuwa wa thelathini na tisa.
Njaa ilishaingia chumbani, karani anapiga miayo.
Shtaka: kuharibu bomba, mali ya kampuni ya maji,
Mukuru, usiku wa kuamkia tarehe nne.
Ni kweli au si kweli?

Hakujibu kweli, hakujibu si kweli.
Alisimulia. Sheria haina subira na masimulizi.
Alisema bomba linapita chini ya kitanda chake
likielekea viwandani,
na usiku husikia maji yakikimbia
kama jirani apitaye mlangoni bila hodi.
Mfereji wa ploti, miezi mitano, haujatoa hata kikohozi.
Kitindamimba wake alikuwa anaharisha.
Ndipo akatumia kitenzi kimoja.

Kitenzi hicho, alivyokisema yeye,
kilikuwa na milango miwili.
Ukiingia kwa huu, mtu amefungua.
Ukiingia kwa ule, mtu amekata.
Hakimu akainua kalamu: "Mkalimani, amesemaje?"

Niliapa kutafsiri kwa ukweli.
Haraka haimo kwenye kiapo, lakini imo chumbani.
Nikasema, "Anasema alilikata."

Wino ukakimbia.

Tangu siku hiyo neno hili linanifuata ngazini.
Kampuni ilikata maji ya mtaa mzima
na hakuna aliyeitwa kizimbani.
Yeye alikata bomba, wanawe wakakata kiu.
Hakimu akakata shauri kwa dakika sita:
elfu thelathini, au miezi minne Lang'ata.
Kisha kwa upole, maana si mtu mbaya,
akamweleza ana siku kumi na nne za kukata rufaa.

Kwenye rufaa Kikamba changu kilikwama.
Nikamwambia: unaweza kupanda juu, ukaulize tena.
Akaniuliza, "Huko juu kuna maji?"
Hilo sikulitafsiri. Hakuna aliyetaka kujua.

Mezani palikuwa na glasi ya maji
iliyofunikwa kitambaa chenye shanga pembeni.
Asubuhi nzima haikuguswa.
Nimesahau sura ya askari, sijaisahau glasi.

Sitaki kusema uongo: mle ndani hakuna kifungu kilichovunjwa.
Likague faili lile, hutaona kosa,
labda tahajia ya jina lake.
Sheria ilitembea kwa miguu yake yote, ikafika salama.
Haki haikuwa kwenye orodha ya siku.

Mama, kule Mbooni, alikuwa na kibuyu chenye mpini mrefu
cha kuchotea maji mtungini.
Mgeni alinyweshwa kwanza, ndipo akaulizwa atokako.
Nilipohamia mjini nikajifunza Kiswahili chake:
kata.
Vipi nimelibeba neno hili miaka yote
nikakumbuka kisu, nikasahau chombo?

Leo ni siku ya kumi na moja.
Nimenunua karatasi dukani kwa Wavinya, tatu, nisije nikakosea.
"Mimi, Nthiwa Kyalo, mkalimani wa mahakama,
naapa kwamba neno lile lilikuwa"

hapo kalamu imesimama.
Nina karo ya watoto wawili. Nina pensheni, miaka minane mbele.
Koo limenikauka.
Nimeinuka, nimetikisa mtungi.
Mtupu. Tangu juzi wamekata.