Bati Kumi na Mbili

Tulirudi Igombe baada ya miaka tisa.
Sisi hatukuhamishwa na mfalme, tulihamishwa na ziwa:
lilipanda usiku, likaingia kanisani kabla ya mchungaji,
likakaa viti vya mbele, likakataa kutoka.
Tukavuka Kamanga na magodoro kichwani,
tukaishi kwa mashemeji, tukapalilia pamba ya watu,
tukaimba kwa sauti ya chini kama wageni msibani.

Maji yaliposhuka yalituachia tope, magugumaji,
na mguu mmoja wa meza ya Bwana.

Tulichimba msingi Jumanne.
Mzee Lushinge, aliyeliona lile la kwanza likipakwa chokaa,
aliupima kwa hatua, akakaa juu ya jiwe, akalia:
"Hili ni dogo."
Vijana walikuwa wanapiga vigelegele.
Waanika dagaa kule chini wakaulizana,
ni harusi au ni maiti?

Mwezi haujaisha, akaja Mugeta na wenzake,
wale ambao hawakuondoka,
waliopanda mihogo pale tulipokuwa hatupo.
"Tujenge wote," walisema kwanza.
Tukakataa. Labda tulikuwa sahihi.
Labda kilikuwa kiburi cha waliorudi.
Kisha ikaja barua yenye muhuri wa kata,
kisha kijana na kopo la rangi,
akachora X nyekundu kwenye jiwe la pembeni,
na chini yake: SIMAMISHA.

Tukasimama.

Nitasema kweli, maana mhazini nilikuwa mimi.
Mwaka wa kwanza tulifunga na kukesha.
Mwaka wa pili tuliomba Jumatano tu.
Mwaka wa tatu nikaezeka nyumba yangu.
Bati za kanisa zilikuwa zinashika kutu stoo,
nikajiambia, heri zikae juu ya watu.
Bati kumi na mbili, geji thelathini.
Nimezikopa. Niliandika hivyo daftarini,
kwa penseli.

Ile X haikuhitaji mlinzi.
Tuliizoea hadi tukawaelekeza nayo wageni:
ukifika kwenye X, pinda kulia.

Ila Nyanzobe.
Kila Jumamosi alikuja na fagio lake,
akang'oa magugu ndani ya msingi, akafukuza mbuzi,
akasuuza mawe kwa maji ya ziwa lilelile.
Nikamwambia, Mama, kazi imezuiwa.
Akajibu bila kuinua mgongo:
"Barua nimesomewa mara mbili. Imekataza kujenga.
Kufagia haikutaja."

Siku nyingine alinishikisha ncha ya kamba,
apime kama kuta zimehama.
Zihame vipi, nazo hazipo?
Nilishika.

Karani wa wilaya anasema kibali cha zamani kipo,
au kilikuwepo, jalada linatafutwa, njooni Alhamisi.
Tumekwenda Alhamisi arobaini.

Leo asubuhi nimepanda juu ya nyumba yangu
na nyundo ya kung'olea misumari.
Minza akatoka na sufuria mkononi:
"Wingu lile la Ukerewe hulioni?"
Naliona, mke wangu.
Bati la kwanza lilitoka likilia
kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi.

Nimezibeba mbilimbili hadi msingini,
nikazilaza kando ya X.
Barua haijavunjwa; hakuna kilichojengwa.
Nyanzobe alizihesabu kwa kidole.
"Zina matundu."
"Ya misumari yangu," nikasema.
Akanipa fagio.

Sasa mvua imeanza.
Kwangu, najua, imeshafika kitandani,
na Minza anasogeza sufuria akilitaja jina langu lote.
Hapa inapiga bati zilizolala chini,
na sisi wawili tumeinamisha vichwa, tunalowa,
tunasikiliza
ile kelele tuliyokuwa tumeisahau,
kelele ya kuwa ndani.