Yaliyobaki Nje ya Wasifu

Mjumbe wa jeshi alisoma dakika nne:
namba ya askari, tarehe ya kuajiriwa,
nishani mbili, ameacha mjane na watoto sita.
Karatasi ikakunjwa. Upepo wa Julai, huu wa Kongwa,
ukabeba vumbi na lililobaki.

Mimi nilipewa ufunguo wa sanduku.
Chini ya magwanda nimekuta daftari la mabao
lenye madoa ya mafuta ya taa,
na mpira mwekundu uliofumuka mshono.
Bibi aliwahi kuuwekea mlango usijifunge.

Kepteni Elieza Chidong'oi, mtoto wa mchunga mbuzi wa Mlali,
alijifunza kriketi kwa kuwaokotea mipira Wazungu
walioshindwa kulima karanga.
Wakaondoka. Matrekta yakaota kutu.
Akabaki yeye na uwanja,
na gongo alilochonga kwa mninga, zito kama kizingiti.

Dodoma, mwaka sitini na mbili, bado koplo.
Makarani wa reli kutoka Tabora
walimrushia kila walichojua tangu asubuhi.
Alikuwa na mbio arobaini na saba
treni ilipopiga honi,
nao wakakusanya viatu, mbio stesheni,
mdakaji wao na pedi zake miguuni.
Jayantilal fundi saa, mwandishi wa mabao,
akaandika "Chidong", mstari ukamwishia,
akaongeza pembeni: hakutolewa.

Kagera ilimrudisha na sikio moja.
Hakusimulia. Alisema tu kule mvua ni nyingi mno,
mpira usingedunda.

Umeja haukuja.
Wengine walisema ni kwa sababu ya mchezo wa kikoloni;
yeye alisema barua za makao makuu husafiri kwa punda.
Kila kiangazi akapima hatua ishirini na mbili nyuma ya bweni,
akawatia kuruta kutwanga udongo wa kichuguu
hadi ulale laini kama sakafu ya harusi.
Walidhani ni adhabu.
Akawaacha wadhani.

Leo kasisi amesema ametutoka.
Sibishani na kasisi, chakula kinapoa,
mlenda wa msibani haungoji mtu.
Lakini ukurasa wa kumi na tisa, kwa wino wa Jayantilal,
babu yangu yumo, nusu ya jina lake imo,
na wale wa Tabora
hawajarudi kumalizia.